Mpira Ulikuwa Umbali Gani

Chewele,
20 Januari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kalamu nyekundu mkononi kama kawaida yako. Mimi sijambo. Shule imefunguliwa. Maji ya Desemba yametuachia matope hadi kwenye madirisha ya darasa la chini, lakini uwanja uko juu kidogo na umekauka. Mama nilizungumza naye kwa simu Jumapili, akanichekesha mpaka nikasahau nilichompigia. Kaka Levi hajambo. Bado anafungua na kufunga mifereji ya skimu ya umwagiliaji. Alinikataza nisiandike kwamba anakusalimu, kwa hiyo siandiki.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena, na kwa sababu jambo hili ni la kitabu. Mwaka huu nimepewa timu ya besiboli, na mimi ndiye mwamuzi pia, maana hapa hakuna mwingine ajuaye hata idadi ya beisi. Ijumaa Rayyan alipiga mpira ukaenda mbali sana nyasini. Akapita beisi ya kwanza mbio, akaelekea ya pili. Nuhu, anayelinda beisi ya pili, alikuwa amesimama katikati ya njia akiutazama mpira unavyoruka. Wakagongana. Rayyan akaanguka, akainuka, akakimbia tena, akaguswa kwa mpira ili atolewe, hatua mbili kabla ya beisi ya tatu. Mimi nilikuwa nimeshapuliza filimbi walipogongana. Nikamrudisha Rayyan beisi ya kwanza. Uwanja mzima ukanizomea, hata wa upande wa Nuhu.

Nilikosea wapi?

Mwanao,
Dorothy


Ngao,
3 Februari 2024

Mwanangu Dorothy,

Marahaba. Barua yako ilinifikia jana kwa mkono wa Dukicha, karani wa mabasi pale Garsen. Imeandikwa vizuri, isipokuwa aya ya mwisho ambayo ina haraka. Hapa tu wazima. Viboko wameingia katika mpunga wa jirani yetu George mara mbili. Sasa anapiga debe mpaka asubuhi, na anasema mimi ndiye mtu pekee kijijini anayelala. Mama yako ana uchovu kidogo. Nimemzuia asiende shamba la ng'ambo.

Sasa swali lako. Ulikosea mara mbili.

Kanuni ni hii: mlinzi asiye na mpira mkononi, na asiye katika kitendo cha kuudaka, hana haki ya kusimama katika njia ya mkimbiaji. Akisimama, amezuia, hata kama hakukusudia. Nuhu alizuia. Hapo uliona sawasawa.

Lakini wakati ule hapakuwa na mtu aliyekuwa akijaribu kumtoa Rayyan. Mpira ulikuwa nyasini. Katika hali hiyo mwamuzi hasimamishi mchezo. Ananyosha mkono kumwonyesha aliyezuia, anatamka kwa sauti kwamba amezuia, na anaacha mchezo uendelee hadi mwisho wake. Hilo ni kosa lako la kwanza. Kisha anajiuliza jambo moja tu: kama Nuhu asingalikuwapo, Rayyan angalifika wapi? Hapo ndipo anapomweka. Wewe mwenyewe umeandika kwamba aliguswa hatua mbili kabla ya beisi ya tatu, baada ya kuanguka na kuinuka. Basi angaliifikia. Ulipaswa kumpa ya tatu. Kumrudisha ya kwanza ni kumwadhibu aliyezuiwa.

Hali ni tofauti iwapo mkimbiaji anazuiwa wakati anapojaribiwa kutolewa. Hapo mwamuzi huinua mikono yote miwili, mpira hufa papo hapo, na mkimbiaji hupewa angalau beisi moja mbele.

Waombe radhi vijana wako. Mwamuzi anayekiri kosa la kutojua kanuni hapungukiwi kitu.

Baba yako,
Enos Buya


Chewele,
25 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa jibu. Joto limeturudia, na skimu imepanda mahindi. Mama amesema hatakuja soko la Garsen mwezi huu kuonana na Levi kama walivyozoea, eti barabara mbovu. Barabara hiyo ilikuwa mbovu zaidi mwaka jana na alikuja.

Niliwasomea vijana barua yako uwanjani. Nuhu akasema, "Mwalimu, kwani refa ni nabii? Atajuaje mtu angefika wapi?" Rayyan akamjibu, "Nyamaza wewe, ulisimama kama mlingoti wa bendera." Niliwaomba radhi. Wamenipigia makofi, kisha wakadai chapati.

Jioni nikaisoma tena nyumbani, Levi akila. Akaacha kula.

"Soma tena hapo pa asiye na mpira," akasema.

Nikasoma.

"Sasa muulize huyo mzee. Na mdakaji je? Akipiga goti mbele ya beisi ya mwisho, na mpira bado uko katikati ya uwanja, kitabu chasemaje?"

"Muulize mwenyewe, una mikono."

"Mimi nilishauliza. Nimekuwa nikingoja jibu miaka kumi na mitano."

Baba, siku ile mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa nyasini na Mama pale Garsen. Nakumbuka Levi akija mbio kutoka beisi ya tatu. Nakumbuka goti lake likigonga goti la yule mdakaji, na mlio wake. Nakumbuka mkono wako ukisema auti. Nakumbuka pia Levi akisimama kwa mguu mmoja na kusema mbele ya watu wote, "Mwamuzi huyu ni mwongo," nawe ukamwambia asikanyage nyumbani kwako mpaka aombe radhi hadharani. Kitu kimoja sikukiona, kwa sababu mtu mnene alisimama mbele yangu. Mpira ulikuwa umbali gani?

Mwanao,
Dorothy


Ngao,
20 Machi 2024

Mwanangu Dorothy,

Marahaba. Nimekawia kujibu, na sababu si afya yangu. Mvua zimekaribia. Kanisani tumebadilisha mabati ya upande wa mto. Mama yako alikwenda hospitali kupimwa, akarudi, na anakula. Anasema usimtumie tena mafuta ya nywele, aliyonayo yanatosha.

Nimefurahi kwamba uliwaomba radhi vijana wako.

Swali lako la pili sitalijibu kama linavyoulizwa, kwa sababu halikutoka kwako. Nitasema tu yale ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Kitabu cha wakati ule kilimruhusu mlinzi kusimama katika njia iwapo mpira ulikuwa karibu sana kumfikia. Ukaribu huo uliachiwa jicho la mwamuzi. Mwamuzi aliamua. Uamuzi wa jicho haukatiwi rufaa, wala haufunguliwi upya baada ya timu kuondoka uwanjani. Bila kanuni hiyo hakuna mchezo ambao ungekwisha.

Ama kuhusu tusi, sharti langu ni lile lile. Sikuliweka kwa hasira. Mtoto aliyemwita baba yake mwongo mbele ya wilaya nzima anajua la kufanya.

Baba yako,
Enos Buya


Chewele,
9 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imeanza huku na mifereji imejaa. Levi hulala huko huko kazini siku nyingine.

Nimempigia Mama mara tatu wiki hii kwa simu ya George. Anacheka mno, Baba. Mtu mzima hacheki hivyo kila neno. Halafu ananipa George nimsalimu, na George anaongea juu ya viboko kama mtu aliyeambiwa aongee juu ya viboko. Mama alikwenda kupimwa nini? Uliandika kwamba anakula. Umeniandikia barua tangu nikiwa shule ya bweni, na hujawahi kuniarifu kwamba mtu anakula.

Levi nilimsomea ile ya Machi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Mwandikie kwamba kwa lile neno nitaomba radhi. Kanisani, sokoni, popote atakapo, hata kwa kipaza sauti. Lakini kwanza aseme mpira ulikuwa umbali gani. Sitaki aseme alikosea. Aseme umbali tu." Kisha akatoka, akichechemea.

Nami nina la kwangu, unisamehe. Umenifundisha kwamba mlinzi ana haki ya njia akiwa na mpira mkononi. Miaka kumi na mitano umesimama mlangoni pa nyumba ya Mama, mwanawe asiingie. Mkononi una nini, Baba? Onyesha mikono.

Dorothy


Ngao,
27 Aprili 2024

Mwanangu Dorothy, na Levi usikie ukisomewa,

Marahaba. Leo sina habari za mpunga wala za kanisa.

Mama yenu ana uvimbe tumboni. Uligunduliwa Februari, na daktari ameniambia bila kuficha kwamba umeshaenea. Aliniapisha nisiwaambie. Maneno yake yalikuwa haya: "Usimwite Levi kwa sababu mimi naumwa. Mwite kwa sababu ni mwanao." Kila asubuhi hunitazama na kuniuliza kama nimeandika. Nilikuwa nikimjibu kwamba ninaandika. Nilianza karatasi sita na kuzichana. Leo nimevunja kiapo chake, kwa kuwa naona siku zinatuacha.

Levi, umeuliza umbali. Nitakuambia zaidi ya umbali.

Sikutaka kuamua mechi ile. Niliomba abadilishwe mtu; hapakuwa na mwingine aliyejua kanuni. Asubuhi, nikivuka soko la Garsen, nilisikia mtu akisema, "Leo refa ni baba mtu, mechi imeshakwisha," na wenzake wakacheka. Wakati ule nilikuwa nasikia vizuri. Maneno hayo yaliniuma kuliko ilivyostahili. Nikifunga kamba za viatu pale uwanjani, niliamua kwamba lolote lenye shaka litakalokuhusu nitaliamua dhidi yako, ili asiwepo mtu wa kusema Enos Buya alimbeba mwanawe. Niliamua kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Hilo lilikuwa kosa langu, na nililiita uadilifu.

Tena lako halikuwa la shaka. Mpira ulikuwa bado haujampita mrushaji katikati ya uwanja. Nilimwona mdakaji amepiga goti katika njia yako, mikono yake mitupu. Mikono yangu ilianza kuinuka, yote miwili, kama inavyotakiwa. Nikaishusha. Ulikuwa umezuiwa. Ulistahili kupewa beisi ile. Hukusema uongo, na radhi sitaki tena.

Ningeweza kumwambia George awapigie simu sasa hivi. Sikutaka neno hili lipitie kinywa cha mtu mwingine. Lilikuwa deni la mkono wangu. Barua naipeleka mwenyewe kwa Dukicha leo. Njooni nyote wawili. Msingoje wikendi.

Baba yenu,
Enos Buya


Chewele,
22 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Pole tena. Tulirudi huku salama tarehe kumi na tano. Shule zimefunguliwa baada ya kuchelewa, na nimerudi darasani kwa sababu sijui mahali pengine pa kukaa.

Barua yako ya tarehe 27 Aprili imefika jana.

Nakuandikia taratibu ili uelewe, kwa sababu hata mimi nimechukua usiku na mchana kuelewa. Barabara ilikatika kati ya Hola na Garsen siku ile ile uliyoipeleka. Dukicha aliiweka kwenye meza yake. George alipotupigia tarehe sita kutuambia Mama amefariki, tulikuwa hatujui kwamba anaumwa. Tulitoka siku hiyo hiyo. Tulilala siku tatu ukingoni mwa maji tukingoja mashua, Levi akiniambia kila saa, "Watatungoja. Hawawezi kumzika bila sisi." Tulipofika tarehe kumi na moja mlikuwa mmemzika tarehe nane, maana maji yalikuwa yanapanda kuelekea makaburini. Hilo halina lawama. Wazee walinieleza.

Lakini Baba, tulipita Garsen kwenda, na tukapita Garsen kurudi. Mara zote mbili barua ilikuwa mezani kwa Dukicha. Tulinunua maji ya kunywa dukani hatua kumi kutoka kwake.

Kwa hiyo zile siku tatu tulizokaa Ngao, Levi hakuwa amesoma kitu. Alikaa jikoni na wapishi, akalala kwa George, kwa sababu hukuwa umemruhusu kuingia. Alikuwa akikutazama. Nami nilikuwa na hasira, sikutaka kukuuliza lolote mbele ya waombolezaji kwa kupiga kelele. Asubuhi ya kuondoka aliniambia, "Hata juu ya kaburi, mzee ameshindwa." Nilikubaliana naye.

Jana ameisoma. Mara mbili. Kisha akauliza, "Imeandikwa tarehe ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, ishirini na saba hadi sita.

"Siku tisa," akasema. "Simu ya George ilikuwa inafanya kazi?"

Nikasema ndiyo.

"Barabara ilikatika mchana. Asubuhi ile ile angepiga simu, gari la saa tatu tungelipata."

Amekwenda kwenye mifereji, na leo hajarudi kula. Sijui nikuandikie nini juu yake. Hakuitupa barua. Hilo ndilo nililo nalo.

Dorothy


Ngao,
10 Juni 2024

Mwanangu Dorothy,

Marahaba. Mto umeshuka. Makaburi hayakufikiwa na maji. George amevuna alichoachiwa na viboko, akaniletea debe moja, nami nimemgawia mjane wa nyumba ya pili.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Nilidhani ameisoma. Nilimwona jikoni na wapishi, nikasema moyoni: ana barua yangu mfukoni, anajua kila kitu, na hataki. Nikaona ni haki yake. Nikamngoja aanze yeye. Asubuhi ile mlipoondoka nilikuwa dirishani. Alipofika kwenye ua aligeuka akatazama nyumba kitambo, nami nilikuwa na sauti ya kumwita. Sikumwita. Mwambie hivyo, usipunguze.

Hesabu yake ya siku tisa ni sahihi. Sina utetezi. Nilitaka kosa langu liandikwe vizuri, kwa mwandiko wangu, na kwa sababu hiyo likachelewa. Ningemwambia George apige simu, Levi angemkuta mama yake akiongea.

Barabara ikifunguliwa nitakuja Chewele. Sitamtaka aseme neno, wala nisingelisikia. Nitamwambia yale niliyoyaandika, mbele ya yeyote atakayekuwapo, hata kama ni vijana wako. Akipenda kunipita, anipite.

Kuna jambo moja ambalo sikuliandika, na hukuuliza. Nalo ni lake pia.

Baada ya kuipeleka barua nilimwambia mama yenu kwamba nimewaita. Alitandika kitanda cha chumba cha nyuma mwenyewe, akishika ukuta. Kila siku aliuliza mko wapi. Nilijua barabara imekatika. Dukicha alikuwa ameniletea habari, ila hakunigusia kwamba barua bado iko mezani kwake. Sikumwambia. Nilimwambia mko Bura. Kesho yake nikamwambia mmefika Hola. Alikuwa akinisemea karibu na sikio, polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto, na kila siku sauti ilikuwa ndogo zaidi.

Asubuhi ya tarehe sita alikuwa amefumba macho. Nje kulikuwa na hatua za mtu uani. Alikuwa George, amekuja kuangalia kuni. Mama yenu akanivuta shati, akaniuliza, "Ni Levi? Amefika?"

Maisha yangu yote sijapata kutamka kwamba mtu amefika nami sikumwona akifika. Nikainama nikamwambia, "Amefika, Susan. Yuko mlangoni."

Akasema, "Mwache aingie."

Nikamwambia, "Anaingia."

Baba yako,
Enos Buya